Matangazo ya Saa Sita

Kamati ya Redio Ukungu ilikuwa na watu tisa na vyeo kumi na moja, kwa sababu mwenyekiti, Donald, alijipa vitatu peke yake. Priscilla Wawuda aliwajua wote tangu siku za kamasi puani, na kwa maoni yake hakuna aliyebadilika ila urefu.

Nyumba yake iko Mghange, juu kidogo ya soko. Ukisimama mlangoni unaona mlingoti wa redio umechomoza nyuma ya ile stoo ya zamani ya ushirika wa mboga. Stoo yenyewe ndiyo redio. Ina chumba kimoja cha mtangazaji, kuta zake zimepigiliwa magodoro yaliyopasuka ili sauti isirudi, na chumba kingine cha kamati chenye viti vizuri kuliko vya kanisa. Kile cha kamati ndicho kilichotangulia kumalizwa.

Priscilla alizaliwa hapo hapo Mghange akaolewa nyumba ya tatu kutoka kwao. Shule alifika darasa la pili, akatolewa alee wadogo zake, na alichobaki nacho ni kusoma kwa kidole: neno moja, anapumzika, neno lingine. Hakuona haya. Aliwahi kumwambia pasta mbele ya watu kwamba yeye husoma polepole kwa sababu anataka kuelewa, si kama wengine wanaokimbiza Neno ili wawahi chakula. Mumewe alifanya kazi ya reli huko Voi, akipanda mlima kila mwisho wa mwezi, mpaka mwaka ule alipopandishwa ndani ya sanduku. Watoto watano akawalea kwa kabichi na maharagwe, na hakuna mtu mlimani anayeweza kusema alimwona akiomba chumvi.

Jambo moja tu ndilo lililomshinda maishani, nalo ni mazishi ya Elijah.

Elijah alikuwa mdogo wake, yule hasa ambaye Priscilla alitolewa shule ili amlee. Alipokuwa mkubwa alihamia Mboghoni, upande wa Taveta, akalima ndizi na vitunguu kwa maji ya mfereji. Akafa wiki ya mvua. Huko waliandika barua wakampa mtu, mtu akampa mtu, na barua ikalala kwenye duka moja la Voi chini ya gunia la sukari. Priscilla alipata habari siku ya tano akiwa shambani anapalilia, kutoka kwa mchuuzi wa vitunguu aliyempa pole akidhani anajua. Aliposhuka mpaka Mboghoni alikuta mvua imekatika na udongo wa kaburi umeshaanza kupasuka kwa jua. Hakumtupia mdogo wake hata konzi moja ya udongo. Jamaa za mke wa marehemu wakamwambia walimtafuta sana.

"Mlinitafuta wapi?" akawauliza. "Mifukoni?"

Hakulia mbele yao. Alipanda gari akarudi, na miaka miwili mlimani hakuna aliyethubutu kumtajia vitunguu.

Halafu redio ikaja. Kila siku saa sita mchana, kengele ikigongwa, redio ikawa inasoma matangazo ya vifo: nani amefariki, mtoto wa nani, dada wa nani, anazikwa wapi na saa ngapi. Mlima mzima ukawa unaweka majembe chini saa sita. Hata waliokuwa wakigombana waliacha kwanza, wasikie, ndipo waendelee. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Priscilla aliyezikwa bila yeye. Shangazi yake wa Mwanda, alifika. Binamu yake wa Voi, alifika akiwa amebeba viatu mkononi, lakini alifika. Redio yake ndogo, aliyoletewa na mwanawe Vincent, aliifunga dirishani, akatoa waya akaupitisha mpaka kwenye mpera, na aliyeugusa waya ule alijuta.

Kwa hivyo aliposikia kanisani kwamba redio itafungwa, hakuuliza habari za nyimbo. Aliuliza, "Na wafu watasomwa wapi?"

"Tunashughulikia, Mama Vincent," Donald akamjibu. Donald alikuwa karani wa kata kabla hajastaafu, na koti lake lilikuwa bado halijastaafu. Alilivaa hata akienda kukamua ng'ombe. "Kuna mkaguzi anakuja kutoka Nairobi. Wenye leseni wamesikia ati hatuna wasikilizaji. Kuna redio kubwa inayataka masafa yetu. Mkaguzi akikuta watu hawasikilizi, anaandika tufungwe."

"Atajuaje?"

"Atapita nyumba kwa nyumba aone kama redio zinalia."

"Basi si watu wakae nyumbani wafungue redio?"

Donald akacheka kile kicheko cha ofisini. "Mama, haya mambo yanataka mpango. Mgeni wa Nairobi humpokei na mlango wazi na kuku. Lazima apokelewe."

Hapo ndipo Priscilla alipojua mambo yameharibika.

Maana watu wa mlimani, ukiwaambia mgeni anakuja, akili huwatoka yote wakabaki na makofi tu. Aliwahi kuja bwana mmoja wa kupima udongo. Wakamketisha kwenye hema siku nzima, wakamwimbia, wakamlisha mbuzi, akarudi Voi bila kugusa udongo wowote isipokuwa ule wa viatuni. Mwaka huo kabichi zikaoza mizizi, na wale wale waimbaji wakasimama sokoni kuilaumu serikali.

Wiki nzima kamati ilikaa vikao. Hema likaletwa kutoka Wundanyi. Kwaya tatu zikashona sare mpya. Watoto wa shule wakafundishwa shairi lenye jina la mkaguzi, Bwana Kitonga, katika kila ubeti, kana kwamba yule bwana alihofiwa kulisahau. Na kila nyumba ikapewa amri: Jumatano saa tatu asubuhi, wote uwanjani, na asiyefika jina lake litaandikwa.

"Waandike," Priscilla akamwambia Everlyne, mke wa Vincent, aliyekuja kumbembeleza akiwa ndani ya sare ya kwaya yenye rangi ya machungwa. "Waandike wapigie na mstari. Mimi nasikiliza redio."

"Lakini mama, si tunakwenda kwa ajili ya hiyo hiyo redio?"

"Mnakwenda kwa ajili ya hizo nguo. Umejiangalia? Unang'aa kama soda."

Everlyne akaguna kidogo akaenda zake. Alikuwa mkwe mwema, na alijua mahali pa kuishia.

Kufika saa tano, Mghange ilikuwa imehamwa. Ngoma zilisikika kutoka uwanjani, na juu ya ngoma sauti ya Donald kwenye kipaza sauti, ambayo haikuwa na mahali pa kupumzikia. Priscilla alikaa kibarazani na ungo wa maharagwe, anachambua, redio ikimpigia nyimbo. Nyimbo tu, bila mtu wa kuzitaja. Alijua sababu. Lewis, mtangazaji, alikuwa uwanjani pia, amefanywa mshereheshaji. Alipanga nyimbo za kutosha kwenye kompyuta, akaondoka, akikusudia kurudi kabla ya saa sita. Lakini alipanga nyimbo bila kufikiria hotuba ya Donald. Lewis ni kijana, alikuwa bado hajajua kwamba kuna watu ambao Mungu hakuwatilia breki.

Saa tano na nusu nyimbo zikaisha. Redio ikabaki inavuma tu.

Priscilla akainuka, akatikisa waya, akakagua mpera, akaipiga redio kofi. Kimya. Akamtukana Lewis na ukoo wake wote wa upande wa mama. Upande wa baba aliuacha, maana ulikuwa ukoo wake pia. Alikuwa bado yumo katika matusi hayo gari likasimama barabarani, akashuka mwanamume mwembamba mwenye faili kwapani.

"Hodi, mama."

"Karibu. Kama ni dawa za minyoo, sinunui."

"Siuzi dawa. Naitwa Kitonga."

Priscilla akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye unayeimbiwa kule?"

"Naimbiwa?"

"Kwani huwasikii?"

Bwana Kitonga akageuza sikio upande wa uwanjani, akasikia jina lake likipita kwenye shairi, akafumba macho kidogo kama mtu aliyekanyagwa. "Mimi nimeanzia majumbani, mama, ndivyo kazi yangu inavyotaka. Hii ni nyumba ya kumi na nne. Kumi na tatu zimefungwa. Nimetega sikio milangoni kama mwizi, sijasikia redio hata moja. Nimekuta kuku, na mbwa mmoja amenifukuza." Akaitazama ile redio ya dirishani. "Hata wewe yako umeizima."

"Nani amezima? Njoo uone." Akamshika mkono akampeleka dirishani. Kijitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Priscilla akazungusha kitufe mpaka mwisho, mvumo ukajaa kibarazani. "Hii inawaka tangu alfajiri. Walionyamaza ni wao."

"Redio imenyamaza? Siku ya ukaguzi?"

"Wako kule wanakungoja wewe. Mtangazaji mwenyewe yuko kule."

Bwana Kitonga akatoa kalamu, akaandika. Maneno yake yalikuwa machache, na Priscilla hakuupenda ule uchache.

"Umeandika nini?"

"Nilichokiona, mama."

"Na wafu?"

"Wafu gani?"

"Wa saa sita."

Hakuelewa. Watu wa Nairobi huzikana kwa simu. Akasema hana budi kwenda kuwasalimu wale waliomngoja, akaingia garini akashuka uwanjani.

Priscilla akaweka ungo chini, mahali ambapo kuku wangeweza kuufikia, na hilo peke yake lingemwambia mtu yeyote wa Mghange kwamba kuna jambo. Akajifunga leso kiunoni akaenda redioni.

Ufunguo ulikuwa juu ya fremu ya mlango, pale ambapo kila mtu anapajua na kamati hupaita siri. Chumba cha mtangazaji hakikuwa kigeni kwake. Alipofiwa na shangazi yake, Lewis alisoma tangazo akataja wana wote wa marehemu akawaruka mabinti. Priscilla alipanda mpaka mle ndani kumuuliza kama mabinti wale waliokotwa. Lewis akajitetea, "Pole, Nyanya, ni time ilikuwa imeisha. Si ujisomee mwenyewe? Cheki, hii kitu ukisukuma juu, taa ikiwaka uko hewani. Hadi Mwanda wanakupata." Priscilla akakisukuma, akasoma mabinti wote saba, akakishusha, akatoka bila kuaga. Sasa alikuwa ameketi mbele ya kitu kile kile.

Matangazo ya siku yalikuwa mezani, karatasi mbili za daftari, na juu yake kikombe cha chai ya Lewis iliyopoa. Alipoondoa kikombe alikuta kimeacha duara, na ndani ya duara mlikuwa na jina la marehemu.

Akalitazama jina lile. Akashusha kidole kwenye mstari wa pili. Mbo-gho-ni. Kidole kikakaa hapo. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa sita na dakika tatu, na gari la mwisho la kushuka ni saa nane. Akasukuma kile kitu juu, na taa ikawaka.

"Nyinyi watu," akasema. "Ni mimi, Mama Vincent, wa hapo juu ya soko. Saa sita imepita na hapa hakuna mtu. Mmeiacha redio mkaenda kuiimbia. Mgeni amekuja kuona kama mnasikiliza, nyinyi mmefunga milango mkaenda kumpigia makofi. Amekuta kuku. Sasa anajua Mghange ni akina nani waliobaki na akili. Donald, keti chini, hilo koti limeota jua la kutosha. Na wewe Lewis, umeweka chai juu ya marehemu wa watu. Sasa nyamazeni nyote, nasoma."

Akasoma. Alisoma kwa kidole, neno moja, akipumzika, neno lingine, na hakumwonea haya yeyote.

"Familia ya mzee Kituku Mwakio wa Mboghoni inasikitika kutangaza kifo chake. Alikuwa mume wa Lorna. Baba wa Mable na Abby. Kaka wa Alice Mkamburi wa Mwanda. Atazikwa kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, karibu na mfereji."

Akalirudia lote tangu mwanzo. Alipofika kwenye mfereji alinyamaza, na aliyekuwa akisikiliza angedhani redio imekufa tena.

"Alice wa Mwanda," akasema, na hilo halikuandikwa popote. "Kama uko huko unaimba, wacha. Gari la mwisho ni saa nane. Usiende ukakuta udongo umepasuka."

Karatasi ya pili ilikuwa ya Mama Philister Odera, wa kambi ya mkonge karibu na Voi, ambaye mwili wake ungetolewa mochari Ijumaa asubuhi kupelekwa kwao magharibi. "Huyu simjui," Priscilla akaiambia wilaya nzima. "Lakini ana watu wake, na watu wake wasikie." Akaisoma mara mbili. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumtoa, akarudi kwenye ile ya kwanza.

Yaliyotokea uwanjani alisimuliwa na Everlyne baadaye, na Everlyne hakujipendelea. Bwana Kitonga alikuwa amelisimamisha gari mbele ya hema, akafungua milango yote minne na kuweka redio ya gari sauti ya juu. Akasema, "Bwana mwenyekiti, nionyeshe hiyo redio inayosikilizwa." Redio ya gari ikavuma tu. Donald akasema ni mtambo. Lewis akaanza kujipenyeza nyuma ya kwaya ya Mwanda kutafuta njia ya kukimbia. Kwaya ile ilikuwa imeshaanza wimbo wake wa kumkaribisha mgeni, na haikujua namna ya kuuacha katikati. Hapo ndipo sauti ya Priscilla ilipotoka garini, na watu wakamgeukia Donald, na Donald, ati bila kujijua, akaketi.

Alice Mkamburi alikuwa mstari wa mbele wa kwaya hiyo, ndiye anayewaanzishia sauti ya kwanza. Aliposikia jina la kaka yake alinyamaza. Aliposikia jina lake mwenyewe alikaa kwenye nyasi na ile sare yake mpya, akapiga ukemi ambao Everlyne alisema bado anao masikioni. Wimbo ukakatika. Wanawake wa Mwanda wakamwinua, wawili wakatangulia mbio kulizuia gari la kushuka, mwingine akavua viatu vyake akamvalisha. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi mkongeni akauliza kwa sauti, "Ni Philister gani, yule wa kambi?" akaondoka anapiga simu. Na waliobaki, kila mtu akakumbuka kwamba ana watu wake mahali fulani, na kwamba redio yake iko nyumbani imezimwa. Wakatawanyika. Donald alishika kipaza sauti akasema, "Wananchi, utaratibu!" mara tatu. Mwisho wake uwanja ulibaki na hema, mbuzi aliyekwisha kuchunwa, watoto waliosimama na shairi lao nusu, na mwenyekiti mwenye vyeo vitatu.

Bwana Kitonga alirudi juu polepole. Njiani milango ilikuwa wazi na madirishani redio zote zilikuwa zinasema kitu kimoja: mume wa Lorna, baba wa Mable na Abby. Sauti ile ya kidole ilimpokea nyumba hii ikamkabidhi kwa nyumba ile, mpaka akafika stoo ya ushirika. Alikuta Priscilla anashusha kile kitu, taa inazimika.

"Mama, una ruhusa ya kuwa hewani?"

"Wao walikuwa na ruhusa ya kunyamaza?"

"Sheria iko wazi. Anayetangaza lazima awe—"

"Basi andika. Priscilla Wawuda. Andika herufi kubwa nisihangaike kulisoma."

Bwana Kitonga akasimama na faili lake. "Yule mama pale uwanjani, aliyeanguka..."

"Nani ameanguka? Amesikia."

Yule bwana akakaa kwenye kiti cha Lewis. Akafungua faili, akaukata mstari aliouandika asubuhi, akaandika ukurasa mzima. Priscilla hakuuliza safari hii. Aliona urefu wake ukamtosha.

Lewis akaingia anahema, jasho limemlowesha shati la ushereheshaji. "Nyanya! Umetuokoa ama umetumaliza?"

"Toa kikombe chako hapo."

Leseni ilikuja baada ya wiki tano, ya miaka mitatu, na sharti moja: redio isinyamaze tena mchana, hata aje mgeni wa kutoka wapi. Kamati ikakaa kikao kujipongeza. Siku iliyofuata, saa tano na nusu, Donald mwenyewe akaingia hewani kutoa shukrani. Alishukuru kamati, cheo kwa cheo. Alimshukuru mwenye hema, kwaya zote tatu, aliyetoa mbuzi, na Mungu, kwa utaratibu huo. Mwishoni akamshukuru mwananchi mmoja mzee aliyesaidia kidogo upande wa mtambo.

Everlyne, aliyekuwa kibarazani akimenya viazi, akatupa kisu chini. "Mama, hata jina hawakutaji! Kidogo upande wa mtambo? Hebu niizime hii kitu!"

"Usiguse."

"Lakini umemsikia Donald?"

"Nimemsikia tangu alipoanza kuongea, akiwa na miaka miwili. Hajawahi kusema kitu." Priscilla aliendelea kupeta maharagwe yake, sikio liko dirishani. "Keti. Imebaki dakika mbili."

Wakangoja. Donald akamshukuru Mungu tena, kwa kusahau, kisha akatolewa. Kengele ikagongwa. Lewis akaanza kusoma, polepole kama alivyofunzwa, wana na mabinti, kila tangazo mara mbili. La kwanza lilikuwa la mtu wa Taveta. La pili lilikuwa la mzee wa Mwanda, binamu wa mama yake Priscilla, aliyekuwa mgonjwa tangu mavuno. Mazishi kesho saa nne.

Priscilla akasikiliza mpaka marudio yakaisha. Kisha akaweka ungo juu ya meza, mbali na kuku.

"Nitafutie viatu," akamwambia Everlyne.